Uhuru ilipopaa kutoka Ngomeni

Mkoa wa Singida unajulikana kwa mambo mengi: kuku, alizeti, vitunguu, asali ya Manyoni, majabali makubwa yaliyotapakaa hadi katikati ya mji, na maziwa mawili ya chumvi, Singidani na Kindai. Jambo moja halitajwi mara kwa mara, nalo ni anga lake. Miezi ya kiangazi mawingu huwa machache, hewa ni kavu, na ukiuacha mji ukaelekea Ikungi au Mkalama taa za umeme zinapungua na nyota zinaongezeka. Sisi tunaokaa Dar es Salaam, Mwanza au Nairobi tumekwisha sahau anga la namna hiyo. Kwetu usiku ni wa taa za barabarani na za magari.

Watu wa bara hawakungoja kufundishwa kutazama juu. Mkulima amekijua Kilimia tangu zamani za kale, na jina lenyewe linatokana na kulima. Kile kifungu cha nyota kinapoanza kuchomoza mashariki wakati wa jioni, mnamo mwezi Novemba, mkulima wa mtama na uwele anajua kwamba siku za kungoja mvua zimekaribia mwisho. Hiyo ilikuwa kalenda kabla ya kalenda.

Leo, ndugu msikilizaji, nataka kuzungumzia nyota nyingine iliyo katika anga hilo hilo. Haina jina la Kiswahili, wala hakuna mkulima aliyewahi kuifuata. Hata hivyo historia yake imefungamana na neno moja la Kiswahili ambalo kila mmoja wetu analijua. Neno hilo ni uhuru.

Mwezi wa Septemba, yapata saa tatu usiku, mtu aliyeko Singida akielekea kaskazini ataona, katikati ya upeo na utosi, kundi la nyota lenye umbo la msalaba. Wazungu huliita Cygnus, yaani ndege wa majini mwenye shingo ndefu. Katika shingo ya ndege huyo imo nyota ambayo macho matupu hayaioni, ingawa darubini ndogo yatosha kuionyesha. Katika orodha za wataalamu inaitwa HDE 226868. Jina si zuri, lakini mwenye jina ni wa ajabu.

Nyota hiyo ni ya aina inayoitwa jitu kuu la buluu. Jua letu lina joto la nyuzi 5,500 hivi za sentigredi kwenye uso wake; jitu hili lina nyuzi 30,000 hivi. Ndiyo sababu rangi yake ni buluu. Chuma kikipata moto huwa chekundu, kikizidi huwa cheupe, na lau kingeweza kuzidi mno bila kugeuka mvuke, weupe wake ungeelekea buluu. Upana wa nyota hii unapita upana wa jua zaidi ya mara 20. Iko mbali kiasi kwamba nuru yake hutumia miaka 7,000 na ushei kutufikia. Nuru inayoingia leo kwenye darubini iliondoka huko kabla piramidi za Misri hazijajengwa.

Tena nyota hii haitulii. Mng'ao wake hupanda na kushuka kidogo, kwa asilimia chache tu, mara mbili katika kila siku 5 na saa 14 hivi. Sababu ni kwamba si mviringo kamili. Imevutwa hata ikapata umbo la yai, na yai hilo linapojigeuza, mara tunaona ubavu wake mpana, mara tunaona ncha yake. Nani anayeivuta? Yupo mwenzi wake, aliye karibu nayo sana: umbali wao ni kama robo ya ule uliopo kati ya dunia na jua. Mwenzi huyo haonekani. Ukiielekeza darubini kubwa kuliko zote mahali anapopaswa kuwapo, utaona jitu la buluu peke yake.

Sasa, mtu asiyeonekana alijulikanaje? Hapo ndipo historia inapopita kwenye pwani yetu.

Kila aliyewahi kuvunjika mfupa anaijua eksirei ya hospitali. Miale hiyo hupenya nyama na kuzuiwa na mfupa. Wengi hawajui kwamba miale ya namna hiyo hutoka pia angani, kwenye vitu vyenye joto la mamilioni ya nyuzi. Hewa inayoizunguka dunia huizuia isitufikie, na hilo ni jambo jema kwa afya zetu, lakini ni kikwazo kwa anayetaka kuitazama. Hapana budi kupanda juu ya hewa. Mwezi Juni 1962 kundi la wanasayansi nchini Marekani, likiongozwa na Riccardo Giacconi, Mtaliani mzaliwa wa Genoa, lilirusha roketi yenye kipima eksirei. Walitazamia kuuchunguza mwezi. Wakakuta chimbuko kali la eksirei upande wa kundi la Nge, mbali kabisa na jua na sayari zake. Mwaka 1964 roketi nyingine ikakuta chimbuko katika lile kundi la ndege wa shingo ndefu. Likapewa jina la Cygnus X-1, herufi X ikiwa ya eksirei.

Lakini roketi za aina ile hupanda na kuanguka. Muda wa kutazama juu ya hewa ulikuwa dakika chache tu. Ni kama mtu kufunguliwa mlango wa soko la Kariakoo kwa dakika tano, kisha akatakiwa aeleze bei ya kila kitu. Kilichohitajika ni chombo cha kukaa juu, kikazunguka mchana na usiku, miezi na miaka. Kilihitajika setilaiti, na setilaiti hiyo ilihitaji mahali maalumu pa kuondokea.

Mahali hapo palikuwa tayari. Kaskazini ya Malindi, karibu na kijiji cha Ngomeni, Wataliani walikuwa wamesimamisha majukwaa ya chuma baharini, yenye miguu iliyokita chini ya maji. Moja liliitwa San Marco, ndilo la kurushia. Jingine Santa Rita, ndilo la kuongozea. Aliyekuwa na wazo hilo ni Profesa Luigi Broglio, mhandisi wa anga, na Italia ilifanya hivyo kwa makubaliano na serikali ya Kenya. Tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya kwanza ilirushwa kutoka hapo. Kumbukeni kwamba Kenya ilikuwa na umri wa miaka mitatu na ushei tangu ipate uhuru wake.

Kwa nini Ngomeni? Sababu ni mbili. Ya kwanza ni mbio za dunia yenyewe. Dunia hujizungusha kutoka magharibi kwenda mashariki, na mahali penye mbio kuliko pote ni kwenye ikweta, ambako ardhi husafiri zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa. Roketi inayoondoka karibu na ikweta kuelekea mashariki hupata msukumo huo bure, kama mtu arukaye kutoka kwenye gari linalokwenda. Mbele yake ni Bahari ya Hindi, hivyo vipande vyake vikianguka haviangukii mji wa mtu. Sababu ya pili ni muhimu zaidi kwa hadithi yetu. Juu ya Atlantiki ya Kusini kuna eneo ambako chembechembe zenye nguvu hushuka karibu na dunia na kuvuruga vipima eksirei. Setilaiti inayozunguka sambamba na ikweta hukwepa sehemu kubwa ya vurugu hiyo. Chombo cha kutazama eksirei kilipendelea ikweta, na ikweta inapita kwetu.

Basi siku ikafika. Setilaiti ilikuwa ya Marekani, uzito wake kama kilo 140. Roketi ilikuwa ya Marekani pia, aina ya Scout. Waliorusha walikuwa Wataliani, na ilikuwa mara ya kwanza kwa setilaiti ya Marekani kurushwa na watu wa taifa jingine. Bahari ilikuwa ya Kenya. Tarehe ilikuwa 12 Desemba 1970. Hakuna Mkenya asiyeijua tarehe hiyo: ni Jamhuri, ni siku ya uhuru, na mwaka ule Kenya ilikuwa ikitimiza miaka saba. Msimamizi wa mradi alikuwa mwanamke, Bi. Marjorie Townsend wa shirika la anga la Marekani, NASA. Kwa heshima ya siku hiyo na ya nchi iliyowakaribisha, setilaiti ikaitwa Uhuru.

Ndugu msikilizaji, tulitafakari jambo hilo kidogo. Miaka tisa kabla yake, usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Mwenge uliwashwa juu ya Kilimanjaro, na kilele kilichokuwa na jina la mfalme wa Wajerumani kikaja kuitwa Kilele cha Uhuru. Hapo neno letu lilifika mahali pa juu kabisa katika Afrika. Mwaka 1970 neno hilo hilo likapanda kilomita zaidi ya 500 juu ya hewa, likaanza kuizunguka dunia kila baada ya dakika 96. Kwa kuwa njia yake ilifuata ikweta bila kutoka zaidi ya nyuzi tatu kaskazini au kusini, ilikuwa ikipita kaskazini kidogo ya mkoa wa Singida, mara 14 hivi kwa siku. Desemba huko ni wakati wa kupanda. Mkulima wa Iramba aliinama na jembe lake, na Uhuru ikapita angani akiwa hana habari nayo.

Ilipata nini huko juu? Ilipata mengi, lakini la Cygnus X-1 ndilo lililotikisa watu. Mwaka 1971 Giacconi na wenzake, akiwamo Mjapani Minoru Oda, waliona kwamba eksirei za chimbuko hilo hazitulii. Zilikuwa zikimemetuka, zikizidi na kupungua katika sehemu ndogo ya sekunde moja. Kwa msikilizaji wa kawaida hilo laweza kuonekana jambo dogo. Kwa mwenye kujua hesabu ya nuru ni ushahidi mzito. Chukua mstari wa wanafunzi wa shule ya msingi wakiwa paredi, na amri ipitishwe kwa mnong'ono kutoka mmoja hadi mwingine. Mstari wa watoto kumi utaketi upesi. Mstari wa watoto elfu hauwezi kuketi mara moja, maana habari inachukua muda kufika mwisho. Angani hakuna habari inayokwenda mbio kuliko nuru, nayo huenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Kitu kinachobadilika chote katika sehemu moja ya kumi ya sekunde hakiwezi kuwa na upana unaozidi kilomita 30,000. Lile jitu la buluu lina upana wa makumi ya mamilioni ya kilomita. Kwa hiyo eksirei zile hazikutoka kwenye jitu. Zilitoka kwenye kitu kidogo mno kilicho jirani.

Wakati ule, hata hivyo, jirani wa nani hasa hakuwa amejulikana. Vipima vya Uhuru havikuweza kuonyesha mahali kamili. Vilionyesha mtaa, havikuonyesha nyumba. Msaada ukatoka kwenye darubini za redio. Mwaka huo huo wa 1971 wataalamu wa Uholanzi na wa Marekani, kila kundi kwa njia yake, walipata mawimbi ya redio yaliyoanza kusikika kutoka upande ule, na baadaye ikaonekana kwamba yalianza wakati ule ule eksirei za Cygnus X-1 zilipobadilika tabia. Redio hupima mahali kwa usahihi mkubwa, na mahali palipoonyeshwa palikuwa pa ile nyota ya buluu, HDE 226868.

Ndipo wengine wakaigeuzia nyota hiyo darubini za kawaida. Uingereza walikuwa Bi. Louise Webster, mzaliwa wa Australia, pamoja na Paul Murdin. Kanada alikuwa Tom Bolton, kijana aliyefanya kazi peke yake katika kituo cha Chuo Kikuu cha Toronto. Walichambua rangi za nuru yake wakaona kwamba nyota inakuja kwetu, kisha inarudi nyuma, inakuja, inarudi, na mzunguko mmoja ni siku 5.6. Nyota kubwa kiasi kile ilikuwa ikizungushwa.

Mfugaji wa Singida ataelewa mara moja. Usiku wa giza unasikia kengele ya ng'ombe. Inasikika karibu, kisha mbali, kisha karibu tena, kwa kipimo kile kile. Humwoni ng'ombe wala huoni kamba, lakini unajua kwamba amefungwa kwenye kigingi. Tena unajua neno la pili: kama ng'ombe ni dume kubwa na kigingi hakijang'oka, basi kigingi kile si kijiti. Hivyo ndivyo walivyopima. Kwa uzito wa nyota ya buluu na mwendo wake walihesabu uzito wa kile kinachoizungusha, wakakuta unapita mara mbili uzito wa jua, na yaelekea unapita zaidi ya hapo. Kitu kidogo mno, kizito kuliko jua, kisichotoa nuru yake. Nyota iliyokufa ina mpaka wa uzito ambao ikiupita haiwezi tena kujishikilia. Hujiangukia yenyewe mpaka uvutano wake usiruhusu hata nuru kutoka. Wataalamu hukiita kitu hicho shimo jeusi.

Makala za Webster na Murdin, na ya Bolton, zilitoka mapema mwaka 1972. Mpaka wakati huo shimo jeusi lilikuwa jambo la karatasi na hesabu. Hiki kilikuwa kitu cha kwanza angani ambacho watu waangalifu walithubutu kukinyooshea kidole. Na zile eksirei? Jitu la buluu hupuliza upepo mkali wa gesi kutoka mwilini mwake. Mwenzi huunasa sehemu ya upepo huo, nao huzunguka kwa kasi ukielekea ndani, ukisuguana hadi ukafikia joto la mamilioni ya nyuzi. Kilio cha mwisho cha gesi hiyo, kabla haijapotea, ndicho eksirei ambazo Uhuru ilizisikia.

Si kwamba wote waliamini siku moja. Mwaka 1974 wanasayansi wawili maarufu waliwekeana dau. Mwingereza Stephen Hawking alisema Cygnus X-1 si shimo jeusi. Mmarekani Kip Thorne alisema ndilo. Hawking, ambaye maisha yake yote aliyatumia kuchunguza mashimo meusi, alieleza kwamba aliweka dau dhidi ya kazi yake mwenyewe ili akishindwa katika nadharia walau apate faraja ya kushinda dau. Mwaka 1990 alikubali kwamba ameshindwa. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2021 vilitoa uzito wa mwenzi huyo kuwa kama mara 21 ya jua, na wa jitu la buluu kama mara 40. Hesabu hizo zinaendelea kurekebishwa, kwa kuwa uzito wa nyota iliyo mbali hivyo hupimwa kwa njia nyingi zisizokubaliana sawasawa. Lakini hakuna tena anayebisha kwa uzito kwamba kigingi kipo.

Setilaiti yenyewe ilinyamaza mwezi Machi 1973, na mwaka 1979 ikaanguka katika hewa ikaungua. Orodha yake ya nne na ya mwisho, iliyochapishwa mwaka 1978, ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Kila chanzo kilipewa namba inayotanguliwa na alama 4U, na herufi hiyo U ni ya Uhuru. Hadi leo mwanafunzi wa Tokyo au wa São Paulo anapoandika juu ya 4U 1700-37, ambayo nayo ni nyota kubwa ya buluu yenye mwenzi wa karibu, katika kundi la Nge linalopita juu sana ya Singida, anaandika herufi ya Kiswahili pasipo kujua. Giacconi alipata Nishani ya Nobeli mwaka 2002, na kazi ya Uhuru ilikuwa miongoni mwa sababu.

Sasa, ndugu msikilizaji, tujiulize: hii ilikuwa uhuru ya nani?

Wapo watakaosema kwamba sisi tulichangia bahari na jina tu. Chombo cha Wamarekani, mafundi wa Kitaliano, sifa kwa wageni, na kwetu kumbukumbu ya moshi uliopanda ukatawanyika. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Kutoka Ngomeni zilirushwa setilaiti nyingine, za Italia, za Marekani na moja ya Uingereza, na ya mwisho ikaondoka mwaka 1988. Tangu hapo majukwaa yale hayajarusha setilaiti tena, ingawa kituo cha nchi kavu kiliendelea kupokea habari kutoka angani, na mkataba mpya kati ya Kenya na Italia ulitiwa saini mwaka 2016. Kenya ilipopata setilaiti yake ya kwanza, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na Wataliani, ilitupwa angani mwezi Mei 2018 kutoka kituo cha kimataifa kilichoko juu. Ile ya pili, Taifa-1, ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023 kutoka California. Pwani iliyorusha setilaiti za wengine haikurusha za wenyewe.

Wapo pia watakaosema kinyume: jina si jambo dogo. Mama Townsend angeweza kuchagua jina la rais wa kwao au la mungu wa Wagiriki. Alichagua neno la wenyeji, na neno hilo sasa halifutiki. Nalo hilo ni kweli.

Mimi naona hoja zote mbili zinaacha kitu kimoja. Neno letu lilipanda, likaona ambalo hakuna mwanadamu aliyeliona, likaleta habari. Habari hizo ziliteremka kwa Kiingereza. Ziliandikwa kwa Kiingereza, zikafundishwa kwa Kiingereza, zikarudi kwetu, kama zilirudi, kwa Kiingereza. Mtoto wa shule ya serikali Singida husoma sayansi kwa Kiswahili mpaka darasa la saba. Akianza kidato cha kwanza, vitu vilivyokuwa na majina vinapoteza majina. Uvutano anaoujua kwa mguu wake aliojikwaa nao huwa neno la kukariri. Anajua kengele ya ng'ombe na kigingi, yaani ana tayari mikononi hesabu iliyomfichua mwenzi wa nyota ya buluu, lakini hakuna aliyemwambia kwamba ni hesabu moja.

Nchi inaweza kukodisha ufukwe wake, nayo ikapata kodi na ajira, na si aibu. Lakini kodi huisha mwezi ukiisha. Elimu iliyoingia katika lugha ya watu haiishi. Wataalamu wetu walipata maneno ya sheria, ya kilimo, ya tiba, wakaweza kumweleza bibi wa Kiomboi namna ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari kumwokoa mjukuu anayeharisha. Haishindikani kumweleza mjukuu huyo, akiwa mzima, jinsi kitu kisichoonekana kinavyojulikana kwa kile kinachokizunguka. Darubini ndogo moja kwa shule za tarafa, mwalimu aliyepewa maneno, na anga la Singida ambalo halilipiwi ushuru: hayo yanatosha kuanzia. Anga la namna hiyo miji mikubwa ya dunia imekwisha lipoteza kwa taa zake, na watafiti wao husafiri mbali hadi jangwani kulitafuta.

Tarehe 12 Desemba itakapofika tena, wenzetu wa Kenya watapandisha bendera, nasi tutakuwa tumekwisha pandisha yetu siku tatu kabla. Hotuba zitakuwapo. Itakuwa vizuri kama katika shule mojawapo, Singida au Malindi, mwalimu atawaambia wanafunzi kwamba siku kama hiyo mwaka 1970 kulikuwa na Uhuru nyingine, iliyoondoka baharini ikaenda kutafuta nyota. Na akawaeleza, kwa lugha iliyoipa jina, kile ilichokiona.